Micheri Arobaini Juu ya Machimbo

2 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na paa la stoo ya mbegu limeanza kuvuja saa nne na dakika tano. Mwaka jana nilimwandikia Mkuu wa kituo chetu cha mbegu za miti barua tatu kuhusu paa hilo. Alinijibu mara moja tu, kwamba suala limepokelewa. Leo nimetega ndoo nne na beseni, nikahamisha magunia ya mbegu peke yangu, na yeye akapita mlangoni na mwavuli wake akasema, "Pole na kazi." Pole yake namrudishia hapa, kwa kuwa kule siwezi.

Daftari hili nimelianza kwa sababu Wifi amesema nikiendelea kuleta hasira za kazini mezani kwake nitakula jikoni peke yangu. Ninaishi chumba cha nyuma, kwa kaka yangu na mkewe; Kaka naye ni wa kituo hicho hicho, mimi natunza stoo na rejista. Basi hasira nitazilaza humu.

4 Machi

Kazi ya msimu huu ni majani ya micheri mwitu. Mti huu umezagaa kila mahali, mabondeni, milimani, kandokando ya barabara, huku kwetu na ng'ambo ya mipaka, na ndiyo maana hakuna anayeujali. Watu hudhani kitu kikiwa kingi basi kiko salama. Maabara inataka kujua kama micheri ya kila msitu inatofautiana kwa vinasaba, au ni ukoo mmoja uliojirudia, ambao ugonjwa mmoja ukiupata utaufagia wote. Misitu sita inapimwa. Utakaokutwa na utofauti wa kutosha utaingia kwenye orodha ya vyanzo vya mbegu na shoka halitaugusa. Utakaobaki nje, mwenye haja nao na aje.

Mwenye haja na msitu wetu anajulikana. Ni kampuni ya mawe iliyo chini yake, ambayo imeshakitafuna kilima nusu nzima. Tukikosa orodha, msitu unaliwa. Nimekulia chini ya miti ile.

6 Machi

Kaka ameenda msituni kukusanya. Misitu mingine mitano wameachiwa wenzetu wa vituo vingine, wetu ni huu tu. Miti arobaini, kila mti majani yake, bahasha yake na kibati chake chenye namba. Kaka amekwea miti kuchumia kituo hiki mbegu miaka kumi na tisa, na mwaka juzi alianguka, na nyonga haijakaa sawa tangu hapo. Mkuu anatafuta kisingizio cha kumpumzisha. Asubuhi alipoinama kufunga viatu nikaona anavyouma meno. Mwongozo wa maabara unataka hatua hamsini kutoka mti hadi mti. Nikamwambia asijiue, apige kumi kumi, jani ni jani.

Bahasha walizotuletea gundi yake haishiki. Nimebandika selotepu bahasha moja moja mpaka vidole vikafa ganzi. Aliyezinunua angekuwa karibu ningembandika yeye mdomo.

7 Machi

Kaka amemaliza leo, saa sita mchana alikuwa nyumbani. Viatu vikavu, hana hata tope. Nimefurahi, nimempikia chai mwenyewe.

8 Machi

Nimegonga mhuri fomu za Kaka, Mkuu akatia sahihi, bahasha zimeondoka kwenda maabara. Paa linavuja.

13 Machi

Mvua. Ndoo sita.

21 Machi

Mvua. Mkuu amekuja kuangalia paa. Ameliangalia.

29 Machi

Wifi alikuwa anatamani cheri na akasema ataenda kuzichuma mteremkoni, palipo karibu. Kaka alicheka, akasema ile micheri ya mteremkoni ni ya kuringa tu, inafunga maua kama bibi harusi na cheri huoni, anayetaka kula apande mpaka juu, kwenye miamba. Wifi akauliza kwa nini. Kaka akasema miaka kumi na tisa anajiuliza hilo hilo. Ilikuwa jioni nzuri. Naiandika kwa kuwa hazipatikani kwa wingi.

17 Aprili

Nitaandika nitakavyoweza.

Mtu wa maabara amekuja na majibu. Sisi humwita Miwani, kwa kuwa anazo mbili, moja usoni na moja kichwani. Hakukaa. Alinipa karatasi akaniambia nisome safu ya mwisho. Misitu mitano ina tarakimu za kueleweka, mingine mizuri, mingine ya wastani. Wetu una sifuri.

Nilidhani ni kosa la kuchapa. Miwani akasema aliona hivyo hivyo, akarudia kipimo mara tatu kwa gharama ya usingizi wake. Bahasha zote arobaini zina vinasaba vya mti mmoja. Hakusema ndugu, wala mama na watoto. Mti mmoja, mara arobaini. Kisha akavua miwani ya usoni, akaivaa ya kichwani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mkusanyaji wetu ni mtu wa kuaminika.

Jibu lilishanijia, na lilikuwa na viatu vikavu. Siku ya pili amerudi saa sita. Miti arobaini kwenye kilima kile, mtu mwenye nyonga mbovu, amerudi saa sita hana tope. Alikaa chini ya mti mmoja! Alivuta tawi, akajaza bahasha zote arobaini, akala chakula alichofungiwa na mkewe, akashuka. Na mimi mjinga nikampikia chai.

Nilimsubiri getini kwake. Nilimwambia kila neno lililokuwa mdomoni, na majirani wakatoka. Kwamba kwa uvivu wake msitu mzima utageuka kokoto. Kwamba kama ameshindwa kutembea angesema ameshindwa, watu wangemhurumia, kuliko kunivika aibu mbele ya maabara. Alinisikiliza huku ameshika nguzo ya geti. Alisema, "Kila mti niliufikia. Nenda kaangalie vibati vyangu."

Nikamwambia kibati hata mlevi anaweza kukipigilia, siku yoyote anayotaka.

Hapo alinitazama usoni. Kisha aliachia nguzo, akaingia ndani.

18 Aprili

Mkuu alituita wote wawili. Alikuwa mchangamfu, karibu aimbe. Alimuuliza Kaka alikusanya vipi. Kaka akasema alifanya alivyoelekezwa. Mkuu akauliza na nani. Kaka aliangalia dirishani, kisha akaniangalia mimi, na mimi nikamkazia macho ili ajue simfichi wala simtetei.

"Nilichoka," akasema. "Andika hivyo, Mkuu. Nilichoka."

Jana anaapa kwamba kila mti aliufikia, leo amechoka. Mkuu aliandika haraka haraka asije akabadili kauli. Kaka amemwaga unga. Miaka kumi na tisa imeishia kwenye mistari minne. Alirudisha kamba, mkanda na kofia yake, akaniwekea mezani, na mimi ndiye niliyeviandika kwenye rejista ya vifaa. Mikono yangu ilikuwa imara kabisa.

19 Aprili

Wifi hanisemeshi. Chakula changu nimekikuta jikoni kimefunikwa.

22 Aprili

Orodha imetoka. Misitu mitano. Wa sita haupo.

26 Aprili

Mvua. Kaka anashinda barazani anachonga mipini ya majembe. Akinisalimia naitikia, siwezi kumnyima mkubwa wangu salamu. Zaidi ya hapo sina. Nimejaribu kumwonea huruma na nimeshindwa, kila nikimwangalia naona mtu ameketi chini ya mti anajaza bahasha.

3 Mei

Kampuni imepiga alama ya rangi nyekundu kwenye micheri ya mteremko. Katapila litaingia mwisho wa mwezi, ardhi ikianza kukauka, na baada ya mteremko watapanda juu. Mkuu amesema maendeleo ni maendeleo. Nimeomba ruhusa kutoka ofisini nikaenda kusimama stoo na ndoo zangu.

8 Mei

Mkuu amekumbuka kwamba vibati ni mali ya kituo. Arobaini, pamoja na misumari. Kesho niende nikaving'oe kabla miti ya rangi nyekundu haijawa kuni. Paa la stoo halikumbuki, vibati anavikumbuka.

9 Mei

Nilikwenda na nyundo na ndoo. Nilikuwa nimejiandaa kuvikuta vyote kwenye shina moja, au vimetupwa kwenye kichaka, na maneno ya kumwambia Kaka nilishayapanga njiani.

Kibati namba moja kilikuwa kwenye mti wa kwanza, juu kidogo ya njia. Kimepigiliwa kwa msumari mmoja, kimshazari, haukuzama wote, kama anavyopigilia yeye siku zote ili mti ukinenepa usikimeze. Nikatafuta namba mbili. Ilikuwa mti wa pili. Namba tatu, wa tatu. Chini ya kila kibati kulikuwa na tawi lililokatwa kwa kisu, mkato wa mshazari, umeshakauka na kufunga kidonda. Ule si mkato wa jana wala wa juzi. Ni wa miezi miwili. Nilipanda mteremko wote mpaka namba arobaini, na arobaini ilikuwepo, na tawi lake limekatwa. Kaka aliufikia kila mti.

Nilikaa chini kwenye maji. Kama aliifikia yote, na Miwani hakukosea, basi mmoja wao ni mchawi.

Jibu lilikuwa ukingoni mwa machimbo. Mvua imebomoa ukuta wa udongo pale, na mizizi imebaki wazi, inaning'inia. Niliona mzizi mnene kama paja umetoka kwenye mti namba kumi na saba, ukatambaa chini chini ya udongo, na mti namba kumi na nane umesimama juu yake. Haukusimama karibu nao. Umeota kutoka kwake. Nikapitisha mkono. Mzizi uliendelea mpaka namba kumi na tisa. Nikaingia msituni nikakwangua udongo kwa makucha ya nyundo kati ya miti mingine, hapa na pale, na kila nilipokwangua niliukuta, ule ule, mwekundu kwa ndani.

Mteremko mzima ni mti mmoja. Labda zamani lilikuwepo shina moja kubwa, likaanguka au likakatwa, na mizizi ikachipua mashina kila upande, yakawa kama msitu. Nyuki wanatoa chavua kwenye ua la mti na kuipeleka kwenye ua la mti ule ule, na mcheri haushiki tunda kwa chavua yake wenyewe. Ndiyo maana una maua ya harusi na hauna cheri. Kaka miaka kumi na tisa alikuwa anauliza swali sahihi, na sisi wenye vyeti tulikuwa tunacheka.

Mwongozo unajua jambo hili. Kwa ajili yake unataka hatua hamsini, ili ukimaliza miti arobaini uwe umevuka mteremko, umefika juu kwenye miamba, umechukua damu tofauti. Nikahesabu hatua kutoka namba moja kwenda namba mbili. Kumi. Namba mbili kwenda tatu, kumi. Kwa kumi kumi mtu hafiki hata korongoni, ndiyo maana alirudi saa sita na viatu vikavu. Nikashikwa na hasira upya. Nikasema hadi kwa sauti, peke yangu mvuani, nani kamwambia apige kumi?

Nimeviacha vibati vyote pale pale.

10 Mei

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo.

6 Machi. Mwandiko wangu, wino wangu. Uko kati ya nyonga yake na gundi ya bahasha, mstari wenyewe hata haujafika mwisho wa karatasi. Apige kumi kumi, jani ni jani. Nilishausahau kabla wino haujakauka.

Nimeukwangua mstari huo kwa kucha mpaka karatasi imetoboka, kisha nimeuandika tena pembeni, kwa herufi kubwa.

Nilimkuta barazani na mipini yake. Nilisimama, sikuweza kukaa. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Getini angeweza kusema, na kwa Mkuu angeweza kusema. Nilimpigia kelele tena, safari hii kwa sababu ni mkweli, na hilo nalo lilinikera zaidi.

Aliuweka mpini chini. "Ulisema kumi kwa ajili ya nyonga yangu, mdogo wangu. Ningekugeuzia wewe? Mkuu angetufukuza wote wawili siku ile ile."

Nikamwambia ameniacha nimtukane wiki tatu.

"Nilidhani unakumbuka," akasema. "Nilidhani unajua, ila umeamua kosa liwe langu."

Hilo ndilo limeniua. Wiki zote hizi alinitazama akiamini kwamba nimemtupa kwa makusudi, na bado kila asubuhi akanisalimia yeye kwanza. Wifi alikuwa mlangoni. Sikula, na hakuna aliyeniambia nile.

11 Mei

Nilikwenda kwa Mkuu nikamweleza. Mizizi, hatua, agizo langu. Alinisikiliza vizuri, kisha akafunga mlango. Akasema Kaka ameshakiri, orodha imeshatoka, mambo yamekaa, sasa mimi nataka nini, kufukuzwa? Akaniita dada. Akasema anajali familia yetu.

Nilitoa fomu za mwezi Machi kwenye faili nikazitandaza mezani kwake. Zina safu ya umbali. Kaka ameijaza, mti kwa mti, kwa mwandiko wake wa taratibu: 10, 10, 10, mara thelathini na tisa. Hakuficha kitu tangu siku ya kwanza. Juu kuna mhuri wangu, Imepokelewa. Chini kuna sahihi ya Mkuu, Imehakikiwa.

"Mimi sikuisoma," nikamwambia. "Wewe ulihakiki nini, Mkuu?"

Rangi yake ya uchangamfu ilimtoka yote. Nimepata ruhusa ya kukusanya upya, siku moja, bila gari. Hakunipa kwa ajili ya haki wala ya msitu. Ameniruhusu kwa sababu ya sahihi yake, na nimeipokea hivyo hivyo.

Miwani amesema nikimfikishia majani mabichi kabla ya Ijumaa atayapima mwenyewe. Sikumwomba, alijitolea. Nilishawahi kumdhania ni mtu wa kujisikia.

13 Mei

Hatua hamsini kwenye kilima kile si hamsini za barabarani. Zinapita juu ya mawe, ndani ya korongo, kwenye miiba. Nimeanguka mara tano. Kufika mti wa kumi na mbili viatu vilishaachana na soli. Nilihesabu kwa sauti na kila nilipochanganya nikarudi mti wa nyuma nikaanza upya, hakuna wa kunipimia na ndiyo sababu nilijipimia. Bahasha arobaini nimezipata saa kumi na mbili jioni, za mwisho juu kabisa ya miamba, palipo na cheri nyeusi zimeiva mpaka zinadondoka. Nimekula mbili. Moja tamu, ya mti wa jirani chungu.

Kwa nyonga ile, hamsini zingemuua. Nasema ukweli wa hilo pia. Jibu lilikuwa niende mimi badala yake.

14 Mei

Bahasha zimekwenda kwa Miwani. Siwezi kunyanyua mguu. Wifi ameniletea maji ya moto ya kukanda, akaweka beseni chini kwa kishindo, akaondoka. Nimeshukuru kishindo.

22 Mei

Miwani amekuja na karatasi. Minane ya kwanza ni ule mmoja wa mteremkoni. Mingine thelathini na mbili, hakuna miwili inayofanana. Amesema hajaona msitu wa namna hiyo kati ya yote sita, kwamba kuna alama za vinasaba pale ambazo hazipo popote kwingine alipopima. Alivua miwani zote mbili akazifuta.

24 Mei

Msitu wa juu umeingizwa kwenye orodha, kuanzia kwenye miamba kwenda juu. Mteremko haumo, kwa kuwa mti mmoja si chanzo cha mbegu. Kampuni itauchukua kama ilivyopangwa. Mimi nimepewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye rejista, nitaosha vyungu vya kitalu. Sawa, ni halali yangu.

Nimeuliza kuhusu Kaka kurudishwa kazini. Mkuu amenijibu kwa maandishi. Suala limepokelewa. Nimeisoma karatasi hiyo chini ya paa linalovuja na nikaitumia kuzibia tundu, na hata hapo haikufaa kitu. Kesho naandika tena. Nitaandika kila siku mpaka anichoke. Barua za paa zilikuwa mazoezi.

28 Mei

Katapila linaingia kesho. Kaka alisema twende tukatoe vibati. Tulipanda polepole, yeye na fimbo, mimi na ndoo. Alikuwa anang'oa msumari, ananipa kibati, anahesabu kumi kwa sauti mpaka mti unaofuata. Sijui kama alikuwa ananikomoa au ni mazoea tu, na sikuuliza. Kila kumi iliniingia.

Alianzia arobaini akashuka. Alipofika namba moja alikiangalia kibati, akakiacha. Akasema mti ni mmoja, kibati chake ni kimoja.

Nikamwambia kesho utakuwa umelala chini, na kibati chake.

"Najua," akasema. "Lakini nilikiandika sawa."

Akakigonga tena kidogo kwa kisigino cha nyundo, kimshazari, akaacha nafasi ya mti kunenepa.